Saa Mbili Nilizompa Mzungu

Mjukuu wangu amepanda ndege mwaka huu, kutoka kiwanja cha Dar es Salaam mpaka kiwanja cha Dodoma, na tangu arudi hatupumui kwa hadithi zake. Anasema ukivuta mstari kwenye ramani kutoka kiwanja hiki mpaka kile, huo ndio mwendo wenyewe, na muda wa kufika unajulikana kabla hujafunga mkanda. Anasema amepita juu ya milima yetu ya Uluguru akaiona midogo, na chai aliyopewa ilikuwa haijapoa. Nikamwambia vizuri, ndege haina mto wa kuvuka. Lakini asiniambie mimi habari za mistari ya ramani. Mstari wa namna hiyo nilichorewa enzi za Mjerumani, na saa zilizoandikwa juu yake nilizitoa mimi, kwa mkono wangu huu wa kulia, nusura zimlaze mjomba wangu chini ya kiboko.

Nilikuwa nimeolewa kwenye mgongo wa mlima wa huku, upande unaotazama Morogoro. Kwetu, kwa mama na wajomba zangu, ni mgongo wa pili, ng'ambo ya bonde. Nikisimama uani kwangu asubuhi nilikuwa naona moshi wa jiko la mama yangu. Nilikuwa naona mbuzi wa mjomba wakifunguliwa. Siku isiyo na upepo mwanamke mwenye kifua angeweza kuita kutoka huku akaitikiwa kule, na mimi kifua ninacho. Kwa macho ni karibu mno. Kwa miguu ni habari nyingine: unashuka mpaka mtoni magoti yanatetemeka, unavuka, halafu unapanda mpaka unajiuliza nani alikutuma. Ukitoka asubuhi na mapema, ukipanda bila kukaa kaa, jua linakukuta utosini ndiyo unabisha hodi.

Na mjomba si mtu wa kupita tu. Kwetu Waluguru mtoto ni wa mama, kwa hiyo mwenye mtoto hasa ni kaka wa mama. Mjomba wangu alikuwa mndewa, mkuu wa ukoo: ndiye aliyegawa mashamba, ndiye aliyesema na wazee waliotutangulia kabla ya kupanda mbegu, akiwataja mmoja mmoja kwa majina. Wajerumani walipokuja wakamfanya jumbe wa kitongoji, cheo ambacho hakukiomba. Alikuwa mtu mzima, mwembamba, mwenye kifua cha kukohoa. Mimi ndiye mpwa aliyempenda zaidi, na kila mtu alijua, hata wale waliochukia kujua.

Wakati huo reli ilikuwa inatoka pwani. Tulisikia imefika Ngerengere, halafu Mikese, na kwamba ikifika Morogoro watu wa milimani tutakatiwa barabara ya kuteremsha mazao. Akaja Mzungu wa kupima hiyo barabara. Alipiga hema juu ya kitongoji cha mume wangu, akasimika mlingoti wa bendera, akasimika na darubini ya miguu mitatu ambayo alichungulia kutwa nzima. Alikuja na askari wawili, na karani mmoja wa pwani aliyevaa kanzu safi na kutuona sisi wa milimani kama nyani waliofunzwa kusalimia. Kila kaya iliamriwa kupeleka chakula. Mimi nilipeleka mihogo ya kuchemsha na ndizi.

Siku moja nilimkuta yule Mzungu ametoka kupanda kilima, uso umeiva, amekaa juu ya sanduku anajipepea kwa kofia. Alikuwa kijana, si zaidi ya mume wangu kwa umri. Akaonyesha ng'ambo kwa kidole, karani akaniuliza, "Kutoka kule mpaka hapa mtu anatumia muda gani?" Watu wakanitazama mimi, kwa kuwa kule ndiko kwetu.

Sasa hapo lazima nieleze, maana vijana wa leo wataniita mwongo. Kwetu mtu aliyechoka akikuuliza njia, humvunji moyo. Humwambii mtu anayetiririka jasho kwamba bado kuna mto na mlima. Unamwambia si mbali, hapo tu, ni kama unavyompa maji ya kunywa. Yeye naye anajua. Anashukuru, na kichwani mwake anaongeza mwendo uliobaki. Bibi yangu aliwaambia hapo tu watu ambao alijua wazi watalala porini. Hiyo ni adabu, na hakuna Mluguru aliyewahi kupotea kwa sababu yake.

Saa za kuhesabu hatukuwa nazo. Tulionyesha muda kwa mkono: unaunyoosha mahali jua litakapokuwa. Basi nikanyoosha mkono wangu. Mkono wa kweli ungepanda juu kabisa, karibu na utosi. Wangu niliupandisha kidogo tu juu ya mlima, nikasema, "Si mbali, hapo tu." Karani akautazama mkono, akakadiria, akasema, "Saa mbili, bwana." Mzungu akaandika, akanipa chumvi ujazo wa kiganja. Nikarudi nyumbani nimefurahi. Hata wazo halikunijia kwamba yule mtu hakujua kuongeza.

Haukupita mwezi, karani akatangaza utaratibu wa kazi. Bendera ikipanda mlingotini asubuhi, kila jumbe anayeiona awalete watu wake mara moja. Siku haitatangazwa; macho ndiyo yatakayowaambia. Bendera ya kwanza ilipopanda jua lilikuwa ndiyo kwanza linatoka. Vitongoji vya karibu vilifika. Mjomba wangu na watu wake walifika wakati kivuli cha mtu kimekwisha miguuni, wametota jasho, yeye anakohoa mpaka ameinama.

Mzungu akatoa karatasi. Karani akasimama akasoma kwa sauti ili wote tusikie: kutoka mlima ule mpaka hapa ni saa mbili. Jumbe ametumia zaidi ya tano. Huyo ni mvivu au ni mkaidi. Leo anasamehewa. Bendera ikipanda tena na asifike kwa saa mbili, atalazwa chini mbele ya watu wake apigwe hamsa ishirini, ndiyo viboko ishirini na tano.

Nilikuwa nimeshika ungo wa mihogo. Mjomba alisimama, mikono nyuma. Alidhani ile darubini ndiyo iliyosema saa mbili. Nani angemwambia kwamba ni mkono wa mpwa wake? Mtu mwenye kifua kile angepigwa viboko vile asingerudi kupanda mlima, angebebwa kwa machela.

Nyumbani nikamweleza mume wangu yote. Akaniambia nyamaza. Akasema, "Ukisema ulimdanganya Mzungu, mwanamke hapigwi. Atapigwa mumewe." Alikuwa anaogopea mgongo wake, na mgongo ulikuwa wake kweli, lakini siku ile nilimwona mdogo kama punje ya ulezi. Nikamwuliza kama ningekuwa mimi nimemponza mjomba wake angesema hivyo. Akasema mjomba wake hakai kwenye ramani. Nikamwachia chakula mlangoni nikaenda kulala na watoto.

Kuanzia hapo kila asubuhi nilitoka nje kabla sijanawa uso, natazama mlingoti. Mti mtupu. Kesho yake, mti mtupu. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, watu husema hivyo kwa wepesi tu, hawajui ulivyo msemo wa kukosesha usingizi. Nilifikiri kwenda ng'ambo kumwambia mjomba ahamie karibu, lakini jumbe hawezi kuacha watu wake akakae porini kusubiri kitambaa. Asubuhi ya sita nikamwona askari anapita na bendera imekunjwa kwapani. Nikashika kaniki yangu nikakimbia.

Nilimkuta karani mlangoni mwa hema. Nikamwambia, "Mwambie bwana wako zile saa mbili si kweli. Nilikosea mimi. Asipandishe bendera."

Karani akanitazama kuanzia juu mpaka chini. "Bibie, saa zikishaandikwa zimeandikwa. Nenda zako."

Nikaelewa mara moja: saa mbili zilitoka mkononi mwangu, ila zilipitia kinywani mwake, na yeye naye alikuwa na mgongo. Nikamwambia kama hasemi, nitapiga kelele mpaka watu wa ng'ambo wanisikie. Alidhani natania. Nikapiga. Hiyo ndiyo faida ya kifua. Mzungu akatoka na povu la sabuni shavuni, na kwa kuwa Kiswahili alikijua kidogo, karani akakosa pa kupindishia maneno.

Mzungu alinisikiliza, kisha akaniletea ramani. Akaweka kidole kwenye kitongoji cha mume wangu na kidole kingine kwetu, kwa mjomba. Katikati palikuwa na nafasi ya vidole viwili vya mtoto. Akasema darubini haina mjomba. Njia ya urefu ule saa mbili inatosha, tena kwa mtu mvivu. Nikamwambia darubini haijavuka mto. Akacheka kidogo, akatoa saa yake ya mfukoni. Akasema leo bendera haipandi. Leo mimi nitaongoza, yeye, karani na askari mmoja watafuata, na saa ndiyo itakayosema. Tukifika kwa saa mbili, jumbe atapigwa kwenye uwanja wake mwenyewe, na mimi nitatazama.

Tukaondoka. Sitaki kujisifu kwamba nilikuwa mkweli. Njiani nilifikiri mara tatu kuwapitisha njia ya kuzunguka, ile ya wachimba mizizi, ambayo ingekula siku nzima. Lakini yule Mzungu alikuwa anatazama ramani kila tulipopinda, na angeniona. Nikawapitisha njia ya kila siku. Na kumbe ubaya wa njia ya kila siku ni kwamba kushuka ni upesi. Yule kijana alikuwa na miguu mirefu, alishuka kwenye migomba kama maji. Nilitembea nikimwomba Mungu amtie mwiba.

Tulifika mtoni saa moja na nusu tangu tuondoke. Mzungu akaitazama saa yake, akaniambia kwa Kiswahili chake, "Bado nusu saa." Alikuwa amefurahi. Kutoka mtoni pale huuoni mlima wenyewe, miti inauficha. Unaona kichaka na mwanzo wa njia tu, ukadhani mlango wa nyumba uko nyuma yake. Mimi nilijua bado saa tatu za kupanda, na kwa buti zile za Mzungu huenda zaidi. Nikajua pia kwamba nusu saa ikipita tu tumeshinda. Tuvuke tu, tupande, basi.

Hapo ndipo mjomba alipotokea kwenye kichaka. Alikuwa ametuona tangu tunaanza kushuka, kofia nyeupe inaonekana mbali. Na mgeni akionekana anakuja kwako humsubiri mlangoni. Unamwendea njiani ukampokee mzigo. Ameshuka mlima mzima na kifua chake, na vijana wanne wa ukoo, mmoja amebeba kibuyu cha togwa. Akavuka maji mpaka upande wetu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akamkaribisha Mzungu kwa mikono miwili.

Mzungu alikuwa amekaa juu ya jiwe, amevua kiatu kimoja anatazama lengelenge. Jasho linamdondoka kwenye kidevu. Akamwuliza mwenyewe, bila karani, "Jumbe, nyumba yako mbali?"

Nilijua atakachojibu kabla hajafungua mdomo. Nilitaka kumkonyeza, hakunitazama mimi, alimtazama mgeni. Akasema kwa upole kabisa, "Si mbali, bwana. Hapo tu."

Mzungu akafunga saa yake. Akasema neno kwa karani, na karani akatafsiri, macho yake yakinikwepa: jumbe mwenyewe amekiri ni karibu, basi hakuna haja ya kupanda. Saa mbili zinabaki. Na kwa kuwa ni karibu, ile siku alichelewa kwa ukaidi. Askari akaanza kukifungua kiboko kiunoni. Palikuwa na jiwe bapa pembeni ya maji, ambapo wanawake hufulia, akalionyesha kwa mkono, mjomba alale pale.

Mjomba hakuelewa. Alikuwa bado ameshika kibuyu cha togwa, anataka kummiminia mgeni.

Nikasema, "Mjomba anasema uongo."

Nilisema kwa sauti yangu ile ile. Vijana wanne waligeuka wakanitazama kama nimevua nguo. Hakuna mtu kwetu anayemwambia mjomba hivyo, hata nyuma ya mgongo wake, sembuse usoni, mbele ya wageni, tena huyo mjomba akiwa mndewa. Nikaendelea, kwa sababu nilijua nikinyamaza sitaweza tena. Nikasema mimi nilidanganya kwanza, kwa adabu hiyo hiyo, na yeye amedanganya sasa, na nyumba iko mbali, jua litakuwa utosini.

Mzungu akatutazama wote wawili. Akamwuliza mjomba, na safari hii karani alitafsiri neno kwa neno, "Mwongo ni nani? Wewe au huyu mwanamke?"

Mto ule una kelele, lakini nilimsikia mjomba anavyopumua. Angesema ni mimi, angelazwa kwenye jiwe. Nami nilimwomba kwa macho aseme ni yeye. Nilimwomba kwa moyo wote, na hilo sikulikataa hata baadaye.

"Mimi," akasema.

Karani akamwambia aseme vizuri, kwa maneno kamili, bwana aandike.

"Nimesema uongo," mjomba akasema. Wale vijana wakatazama chini.

Tukapanda. Mzungu alipanda kwa hasira mpaka hasira ikamwisha, kisha akapanda kwa kushika mizizi. Karani kanzu ilimchanika. Tulifika uwanjani kwa mjomba jua limekwisha kupita utosi, na Mzungu akajilaza kwenye mkeka akanywa togwa vibuyu viwili. Alipopata pumzi akatoa ramani, akafuta saa mbili, akaandika tano. Akacheka na karani, akisema kwa Kiswahili ili tusikie sote, kwamba hawa watu ni watoto, hata njia ya kwao wanaidanganya. Walikula kuku wa mjomba, wakalala kwenye nyumba ya mjomba, asubuhi wakaondoka. Kiboko hakikumgusa. Siku zote za bendera zilizofuata alifika na saa zake tano mkononi na hakuna aliyemwuliza.

Mimi nilibaki siku ile kwa mama yangu. Nilikwenda kumuaga mjomba kabla ya kurudi kwa mume wangu, nikamkuta anarekebisha mpini wa jembe. Nilikuwa nimejiandaa kushukuriwa. Ndiyo, wapo watakaocheka, lakini nilikuwa nimejiandaa.

Akaniambia bila kuinua uso, "Viboko vingepona, mpwa wangu."

Nikamjibu kwa ukali, kwamba kwa kifua kile visingepona, angekufa. Akasema labda. Akaendelea na mpini wake.

Mvua za kupanda zilipokaribia ukoo ulikutana kama kila mwaka, nami nikavuka bonde kwenda. Mjomba hakusimama mbele. Alikuwa amempa mdogo wake kazi ile ya kuwataja wazee kwa majina, na alipoulizwa alisema kwamba mdomo uliotamka maneno yale mbele ya vijana hauwezi kwenda kusema na wazee waliotutangulia. Hakuna aliyembishia. Alikaa nyuma kabisa, karibu na sisi wanawake, kama mkwe aliyekuja kutazama.

Mdogo wake alianza vizuri. Alitaja majina saba, manane, halafu akakwama. Alikwama kwa bibi yao mwenyewe, mama wa mama yao, aliyewalea wote wawili. Watu wakasubiri. Nikageuka kumtazama mjomba, alikuwa hatua mbili tu kutoka nilipokaa. Alilijua jina lile. Nilimwona anatazama mikono yake, na mdogo wake akaliruka jina la bibi yao akaendelea na lililofuata.